Watoto wa Kibanga

Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, watu watatu wa misheni waliuawa. Wawili walikuwa Mapadre Weupe, Padre Deniaud na Padre Augier. Wa tatu, D'Hoop, hakuwa padre, bali msaidizi aliyekuja kuwalinda. Habari hii imeandikwa mara nyingi katika vitabu vya misheni, nasi hatutairudia yote. Twataka kukumbusha neno moja tu ambalo husahauliwa: ugomvi ule ulianza kwa ajili ya mtoto mmoja. Misheni ilisema mtoto ni wake. Majirani wakasema sivyo. Kwa hayo damu ikamwagika.

Baada ya mauaji hayo misheni ya Rumonge ilifungwa. Waliosalia walivuka ziwa Tanganyika, wakaenda upande wa magharibi, Mulweba, katika nchi ya Wasanze, ambako wenzao walikuwa wamekwisha kujenga. Mwaka 1883 wakaanzisha mahali pengine karibu na rasi ya Ubwari, ndipo Kibanga, katika nchi iitwayo leo teritori ya Fizi. Wazungu walipaita pia Lavigerieville, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao. Huko Kibanga watoto walikusanywa wengi, nao ndio tunaotaka kuwasimulia.

Siku hizi wazazi wa Baraka na Fizi wanaulizana sana juu ya shule za watoto wadogo, wale wa miaka 3 mpaka 5, ambao serikali huwahesabia miaka mitatu ya shule kabla ya kuingia darasa la kwanza. Wengine wamesikia habari ya shule za namna mpya, zisizotaka mtoto akae kimya kutwa nzima akiimba herufi, bali akuzwe mtu mzima mzima: akili yake, mikono yake, moyo wake, hata miguu yake ya kuchezea. Wanadhani jambo hili limetoka Ulaya juzi. Sisi twasema mwambao huu umelijua kwa zaidi ya miaka 140, umeonja utamu wake na uchungu wake pia.

Tuanze kabla ya Mapadre. Mtoto wa Kibembe hakungoja mwalimu. Katikati ya kijijini kulikuwa na lubunga, nyumba ya wanaume, wazi pande zote, na moto wake. Hapo wazee walikula, walipokea wageni, walikata mashauri. Mtoto wa kiume alileta kuni, alileta maji ya kunawa, akakaa pembeni. Hakuna aliyemwambia, "Leo somo letu ni hukumu." Alisikia tu, siku baada ya siku, jinsi mzee anavyoacha kusema mpaka hasira ya mwenye kesi ipoe. Mtoto wa kike naye alikuwa jikoni kwa mama na kwa bibi. Alipewa kinu kidogo, alipewa mdogo wake wa kubeba mgongoni, akajua kupima unga kwa mkono kabla ya kujua kuhesabu. Usiku vitendawili na hadithi. Wale wa ziwani walijua kupiga kasia wakiwa bado wadogo kuliko kasia lenyewe.

Wababembe na ndugu zao Walega walikuwa pia na Bwami, chama cha wakubwa ambacho mtu alipanda ngazi kwa ngazi. Hicho hakikuwa cha watoto, lakini namna yake ya kufundisha yafaa kutajwa hapa. Mwalimu hakuanza na maneno. Alileta kitu: jino la mnyama, gome la kobe, manyoya, kisanamu kidogo cha mti au cha pembe ya tembo. Mwanafunzi alikitazama, kikachezewa ngoma, kikaimbiwa methali yake. Hivyo neno liliingia kwa njia ya macho na mikono. Serikali ya Wabeleji iliogopa chama hiki ikakikataza, mara ya mwisho mwaka 1948. Hata miongoni mwetu wa Kanisa wengi walikihesabu kuwa ushenzi mtupu. Hatusemi kwamba yote yaliyofanyika humo yalikuwa mema. Lakini mambo ni ya ajabu: katika miaka ileile walimu wa Ulaya walikuwa wakisifiwa kwa kuvumbua kwamba mtoto hushika kwanza, kisha hufahamu.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Daktari mwanamke Mwitalia, Maria Montessori, Mkatoliki, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo huko Roma tarehe 6 Januari 1907. Wazazi walikwenda kazini, watoto walibaki wakizurura na kuharibu kuta. Yeye aliwapa meza ndogo za kimo chao, vitu vya kupanga, vya kumimina, vya kufungua na kufunga, akawaacha wafanye kazi kwa mapenzi yao huku yeye akiwatazama. Kabla yake Mjerumani Froebel alikuwa amewafungulia watoto bustani ya kucheza na kujifunza, akaipa jina lake mwaka 1840. Baadaye, mwaka 1919, Rudolf Steiner alianzisha shule huko Stuttgart kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, akataka wachonge, wafume, waimbe na walime, siyo kusoma tu. Kila mmoja alikuwa na mawazo yake, na mengine ya Steiner hayapatani na imani yetu. Lakini wote walichoka kwa jambo lilelile: shule iliyomchukua mtoto ikaacha mwili wake mlangoni.

Basi turudi Kibanga. Miaka ile nchi za ziwa zilikuwa zinateketea. Misafara ya watumwa ilivuka kutoka Manyema kwenda Ujiji, na watu wa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, waliteka mpaka mwambao wa Ubwari na Usanze. Vijiji vilichomwa. Watoto wadogo waliochoka njiani waliuzwa kwa bei ndogo au waliachwa. Mapadre waliwakomboa kwa nguo, maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka katika Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa na Askofu Forbin-Janson wa Nancy mwaka 1843, ambalo watoto wa Ulaya walitoa humo senti zao kwa ajili ya watoto wenzao. Ilikuwa sadaka ya kweli. Ila mtu mwenye akili ataona hatari iliyokuwamo: mwenye kuuza hakujali kama mnunuzi anakomboa au anatumikisha, mradi nguo imepatikana.

Watoto hao wangelelewa namna gani? Hapa Kardinali Lavigerie alikuwa na neno ambalo wengi hawalijui. Hakutaka wafanywe Wazungu weusi. Aliwaandikia Mapadre wake kwamba watoto wa Afrika walelewe Kiafrika katika chakula, mavazi, nyumba na malazi, wasizoeshwe vitu vya Ulaya ambavyo kesho vitawatenga na watu wao. Mapadre nao waliamriwa kujifunza lugha ya nchi upesi na kuisema hata wao kwa wao. Aliona kwamba kijana aliyefundishwa kukaa kitini na kula kwa uma atakuwa mgeni kwao, asiweze kumwongoza hata ndugu yake. Kwa wale wenye akili ya pekee alifungua chuo cha uganga katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, ili warudi wakiwa waganga na makatekista, wenye kuishi kama watu wengine. Mmoja wao alikuwa Adriani Atiman, mtoto aliyekombolewa Sahara, ambaye alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akatibu watu huko tangu miaka ile ya 1880 mpaka alipofariki mwaka 1956. Mzee yule alikuwa jibu zuri kwa wale waliocheka shauri la Kardinali.

Kibanga, basi, haikuwa shule ya madawati. Asubuhi ilikuwa ya sala na katekisimu, kisha jembe. Watoto walilima chakula chao wenyewe. Walijenga, walibeba, walivua. Walisoma na kuandika, waliimba sana. Nyimbo zilishika kazi ile ambayo kwa wengine hushikwa na kitabu. Hakuna kengele iliyotenga kusoma na kuishi. Walipokua, vijana na wasichana waliooana walipewa mahali pa kujenga na shamba karibu na misheni, na kijiji cha Wakristo kikazaliwa hivyo, mji wa watu waliolelewa pamoja tangu utoto. Ukitafuta mahali ambapo mtoto alifundishwa mzima, akili, mikono na roho, bila kupasuliwa vipande, usiende mbali. Ni hapo.

Mapadre waliolea watoto hao hawakuokoa maisha yao wenyewe. Padre Amaat Vyncke, Mflandri aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, alifia Kibanga mwaka 1888. Askofu Bridoux naye akafa hapo mwaka 1890. Homa haikuchagua.

Lakini ni lazima tuseme na upande wa pili, maana historia isiyosema upande wa pili ni mahubiri tu, na mahubiri tunayapata Jumapili.

Mtoto wa Kibanga alikula Kiafrika, alilala Kiafrika, alivaa Kiafrika. Lakini Afrika ipi? Lubunga hakuna. Bibi hakuna. Hapakuwa na mjomba wa kumwonya wala shangazi wa kumtania. Mzee wa kijiji alikuwa Padre. Mwamuzi alikuwa Padre. Mwenye kutoa mahari, tunaweza kusema, alikuwa Padre pia. Watoto walitoka makabila mengi, mmoja kutoka Manyema, mwingine kutoka Urua, mwingine hakukumbuka jina la kwao. Hawakuweza kusema Kibembe kama wenye nchi. Lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili, lugha ileile ya misafara iliyowateka. Wasomaji wapenzi, nasi tunaosoma ukurasa huu kwa Kiswahili tuna deni kwa watoto wale, maana sala zetu na katekisimu yetu zilipita katika vinywa vyao kabla ya kufika kwetu. Hata hivyo, Wababembe wa vilimani waliwatazama kama watu wa Wazungu. Waliwauzia chakula, hawakuwapa watoto wao. Kwa nini wawape? Mtoto wao alikuwa na shule yake, na mama yake alikuwa hai.

Hapo ndipo tunapokiona kisa cha Rumonge tena. Misheni ilijua kumpenda mtoto asiye na mtu. Kumpenda mtoto mwenye watu, pamoja na watu wake, lilikuwa jambo jingine, nalo lilikawia kujifunzwa. Malezi yaliyo kamili huvuta nguvu: yanamtaka mtoto mchana na usiku, katika chakula na katika ndoto. Shule yenye mambo machache humrudisha mtoto nyumbani jioni. Shule yenye mambo yote yaweza kusahau kumrudisha.

Katika miaka ya 1890 Kibanga iliachwa kwa sababu ya maradhi. Nguvu ya misheni ilihamia kusini, Mpala na Baudouinville, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Padre Victor Roelens, aliyekuwa askofu baadaye. Huko matunda yalionekana: Stefano Kaoze, mwanafunzi wa Mpala, alipewa daraja ya upadre mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yetu ya sasa. Mwambao wa Fizi ulibaki nyuma.

Mambo ya shule ya wakati wa Wabeleji tutayapita upesi, ingawa yalichukua miaka mingi. Baada ya mwaka 1920 wakaguzi wa mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, pamoja na Mwafrika mwenzetu James Aggrey wa Gold Coast, walizunguka nchi za Afrika wakishauri kwamba shule ifundishe afya, kilimo na maisha ya nyumbani. Shauri lilikuwa jema. Serikali ya Kongo ikaliingiza katika mipango yake ya mwaka 1929. Lakini katika mashule mengi kazi ya mikono ikawa kulima shamba la mwalimu na kufagia uwanja, na akili ikaachwa katika darasa la pili. Watu walipotambua hivyo, walikimbilia upande mwingine: Kifaransa, daftari, cheti, na jembe likawa adhabu. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960 Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Hata leo mwalimu akitaka kumwadhibu mtoto humtuma kulima. Mtoto afundishwe nini hapo juu ya jembe la baba yake?

Mapadre Wasaveriani, Waitalia, walifika Kongo mwaka 1958, na jimbo la Uvira likawekwa mwaka 1962 chini ya Askofu Danilo Catarzi. Walishika Baraka na Fizi. Kati yao alikuwa Bruda Vittorio Faccin, mtu wa kazi za mikono, kijana wa miaka 30. Na pale Fizi, pamoja na Padre Giovanni Didonè, alikaa Abbé Albert Joubert. Huyu ndiye anayefunga kamba yetu. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, aliyetumwa miaka ya 1880 kuwalinda Mapadre na watoto wa mwambao huu dhidi ya wawindaji wa watumwa. Alimwoa Agnes Atakaye, akafa nchini Kongo mwaka 1927. Mtoto wao Albert alizaliwa mwaka 1908, akapata upadre mwaka 1935. Hakuwa mgeni wala hakuwa mtoto asiye na watu. Alikuwa mtoto wa ziwa.

Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waasi walifika Baraka wakamwua Bruda Faccin. Padre Luigi Carrara alitoka, akaambiwa awafuate. Akachagua kufa pale pale na mwenzake. Jioni ileile wakapanda Fizi, wakawaua Padre Didonè na Abbé Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024 na Kardinali Fridolin Ambongo. Tunaandika habari zao hapa kwa sababu nyingine pia. Kati ya watu wanne, wanawe wa Italia watatu na mwana mmoja wa Tanganyika, tunaona misheni ambayo haikumkusanya mtoto katika boma. Walikaa kati ya nyumba za watu, na watoto waliwajia mchana wakarudi kwao usiku.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na maficho. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilinyang'anya Kanisa mashule yake, mwaka 1977 ikayarudisha chini ya mapatano. Mwaka 1996 vita vikubwa vikaja, na watu wa Fizi na Baraka kwa maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma. Wengi walikaa kambi ya Nyarugusu. Watoto walizaliwa huko, wakawa wazazi huko. Lubunga haijengwi kambini. Mgawo wa chakula hauna kinu kidogo cha mtoto wa kike. Waliorudi walirudi na watoto wanaojua Kiswahili safi cha Tanzania, wasiojua mto wa babu yao unaitwaje. Ni kama Kibanga tena, ila mara hii wazazi wako hai.

Ndiyo sababu twasema swali la shule ya watoto wadogo katika Baraka si swali la meza ndogo wala vitu vya kuchezea. Masista wa Tanzania wamekwisha kuonyesha kwamba njia ya Montessori inaweza kufuatwa kwa vitu vya nchi; huko Lushoto wanacho hata chuo cha kuwafundisha walimu wake. Sheria yetu ya mwaka 2014 nayo inaruhusu lugha za nchi katika kuanza elimu, kwa hiyo hakuna anayelazimishwa kumwimbisha mtoto wa miaka 4 siku za juma kwa Kifaransa mbele ya wageni. Vitu tunavyo tele. Kokoto za Mutambala zinahesabika. Ndagaa wa kukausha wanapangwa wakubwa kwa wadogo. Udongo wa kufinyanga hauuzwi. Kibuyu cha maji kinamfundisha mtoto kumimina bila kumwaga vizuri kama chombo chochote cha Roma.

Kinachokosekana ni mtu. Tulizungumza na walimu wa shule hizi ndogo mara nyingi, na kila mara tuliuliza jambo moja: nani anakaa na watoto mkekani mbali na mwalimu? Tungetaka kuona bibi mmoja anayejua vitendawili vya Kibembe, na mzee mmoja anayejua kusuka wavu, wakija asubuhi mbili kwa juma, wakikaa, wakifanya kazi yao, watoto wakiwazunguka kama zamani. Gharama yake ni chai na mkate. Mwalimu mmoja alikubali kabisa, kisha akatafakari kidogo. Bibi huyo hana cheti, alisema, na mkaguzi akija atauliza jina lake limeandikwa katika orodha gani.